‘Lakini’ ya mshtakiwa: Kwa nini Vioja Mahakamani havinichekeshi

KUNA vichekesho ambavyo Mkenya wa rika langu hatarajiwi kuvisemea vibaya, na kipindi cha Vioja Mahakamani ni kimojawapo. Ukisema hukipendi, watu hukutazama kama mgeni aliyekataa chai. Wanadhani unajidai, ati usomi umekupanda kichwani. Mimi nimekitazama tangu enzi za Sauti ya Kenya, kabla shirika hilo halijageuzwa kuwa KBC mwaka 1989. Nimekirudia mara nyingi baadaye kwa sababu za kikazi. Bado hakijanikolea. Sababu yenyewe naona ni ya kilugha, na inawagusa watu wengi ambao hawajawahi kukanyaga studio, hasa wale wa Kibera na Kawangware ambao kwao mahakama si mchezo wa runinga.

Niondoe shaka moja mapema. Sina ugomvi na waigizaji. Marehemu Gibson Gathu Mbugua, aliyeigiza kiongozi wa mashtaka na kuaga dunia Julai 2020, alikuwa na sauti na utulivu ambao mawakili kadhaa ninaowajua wangefaa kuuiga. Wala siwezi kusahau kwamba kipindi hiki kimefanya kazi ambayo shule hazikuifanya. Kuna Wakenya wengi waliolijua neno ‘mlalamishi’, au ‘kizimbani’, au ‘kiongozi wa mashtaka’, kutoka kwenye runinga ya jirani na si kutoka kitabuni. Na yote haya kwa vifaa haba kabisa: kizimba, kiti cha hakimu, meza ya karani, askari mmoja, basi. Kesi zenyewe ni za kuku, za chang’aa, za majirani waliogombana. Kwa hiyo anayetaka kunisikia nikisema kipindi ni ovyo atafute safu nyingine.

Swali langu ni hili: tunapokitazama, tunacheka nini hasa?

Anza na majina. Ondiek Nyuka Kwota. Kwa Kijaluo, ‘ondiek’ ni fisi na ‘nyuka’ ni uji, japo Ondiek pia ni jina la kawaida la watu wenye heshima zao. Masanduku arap Simiti. Hapo ‘arap’ ni neno la Kikalenjin la kumtaja mtu kuwa mwana wa fulani, kisha likazungushiwa masanduku upande mmoja na simiti upande wa pili, kama mzigo wa fundi. Ni majina yaliyobuniwa kwa ustadi, sikatai. Lakini angalia kazi yanayoifanya. Kabla shtaka halijasomwa, tayari umejua mshtakiwa ametoka upande gani wa nchi, na tayari umejua utasikia lafudhi gani. Jina limemtangulia mtu kizimbani na limeshatoa ushahidi.

Halafu anafungua kinywa. Dholuo haina sauti ya ‘sh’ wala ya ‘z’, kwa hiyo shamba linakuwa ‘samba’ na hizi zinakuwa ‘hisi’. Kikuyu hakina ‘l’, kwa hiyo mtu analala ‘akirara’. Lugha za Kikalenjin hazitumii tofauti ya ‘b’ na ‘p’ kubadilisha maana ya neno, na baadhi ya lahaja za Kiluhya huruhusu ‘b’, ‘d’ na ‘g’ nzito pale tu panapotangulia sauti ya puani, ndipo ukasikia baba akiitwa ‘papa’ na gari likaitwa ‘kari’. Mwanafunzi yeyote wa isimu wa mwaka wa pili atakwambia kwamba hizi si fujo. Ni kanuni, na hufuatwa kwa uaminifu kuliko wengi wetu tunavyofuata kanuni za barabarani. Anayesema ‘samba’ anaiheshimu sarufi ya mamake.

Sasa tazama nani ndani ya mahakama ile anazungumza hivyo. Hakimu anazungumza Kiswahili safi. Kiongozi wa mashtaka, safi zaidi. Karani hana tatizo. Lafudhi nzito imewekwa kizimbani, na mara nyingine kwa shahidi. Yaani ramani ya lugha ndani ya chumba kile ni ramani ya hatia. Aliye juu anatamka vizuri, aliye chini anatamka vibaya, na mtazamaji anafundishwa kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, kwamba mambo haya mawili yanakwenda pamoja.

Juzi juzi nilikuwa kwa kinyozi kule Kawangware, si mbali na steji ya 46. Kijana mmoja alikuwa ameegemeza simu kwenye kioo, kipindi cha zamani kinacheza. Mshtakiwa hakuwa amemaliza hata sentensi ya kwanza, na chumba kizima kilikuwa kimeangua kicheko. Nikamwuliza aliyekuwa akininyoa, “Kwani huyu ameshtakiwa kwa kosa gani?” Akasimamisha mashine, akafikiri.

“Hiyo sijaskia, mzee,” akanijibu. “Lakini skia vile anaongea!”

Kijana yule alikuwa mkosoaji mzuri kuliko alivyojua. Kesi haina umuhimu. Hakuna fumbo. Hadithi nyingine za mahakamani na za upelelezi, hata zile za kuchekesha, huwa na swali linalomshika mtu koo: nani alifanya, kwa nini, na huyu aliyekamatwa ni yeye kweli? Waliosoma Mzimu wa Watu wa Kale cha Mohamed Said Abdulla, kilichochapishwa mwaka 1960, wanamkumbuka Bwana Msa. Watu wote kijijini wana jibu tayari, na yeye peke yake ndiye anayekataa jibu la haraka. Utamu wote uko katika kukataa huko. Katika Vioja hakuna wa kukataa. Mshtakiwa kwa kawaida amefanya alichoshtakiwa, sote tunajua, na kinachobaki ni kumtazama akijikoroga.

Nawajua watakaoniambia kwamba huo ni utani tu, na Wakenya hutaniana. Kweli. Mimi nimetaniwa kwa lafudhi yangu tangu nikiwa mwanafunzi, nami nimewatania wengine vilevile, na hakuna aliyefungwa. Utani hata hivyo una sharti lake. Watani hujibizana. Leo unanipa, kesho nakupa. Mahakamani hakuna kesho hiyo. Mshtakiwa hawezi kumgeukia hakimu akamwambia, “Nawe Mheshimiwa, mbona Kiswahili chako kinanuka wino?” Akithubutu, kuna kosa jingine la kushtakiwa nalo, la kuidharau mahakama.

Waingereza walikuwa na kipindi chao cha namna hii, Rumpole of the Bailey, kilichoandikwa na John Mortimer, ambaye mwenyewe alikuwa wakili, na kilichoanza kuonyeshwa kama mfululizo mwaka 1978. Rumpole ni wakili mzee, mnene, asiye na cheo kikubwa, anayewatetea wezi wadogo wa familia moja ya London mwaka nenda mwaka rudi. Wezi wale wana lafudhi zao pia, na haziwi safi kwa sababu wako mbele ya jaji. Lakini kicheko kikubwa kimeelekezwa juu: jaji mwenye majivuno, jaji mwenye usingizi, jaji aliyekwishaamua kabla ya kusikiliza. Sisemi Waingereza wametuzidi ubunifu. Nasema mtu anayeandika kichekesho cha mahakama ana hiari ya kuchagua chini au juu, na sisi tulichagua.

Labda hatukuwa na hiari kubwa. Kipindi kilikuwa cha shirika la serikali, katika miaka ambayo kumcheka hakimu kungehesabiwa kuwa kuicheka serikali. Kumbuka mwaka 1986 na 1987. Kipindi hiki kikiwa hewani, watu waliohusishwa na Mwakenya walikuwa wakifikishwa mahakamani Nairobi baada ya kuzuiliwa na kuteswa Nyayo House, baadhi yao jioni sana, bila mawakili, na wengi wakikubali mashtaka na kufungwa muda huohuo. Kesi zilikwisha kwa dakika chache. Runingani, mahakama ilikuwa mahali ambapo mzee wa kijijini anachekesha watu na hakimu ni mvumilivu. Simlaumu mwandishi wa hati aliyekuwa na watoto wa kulisha. Najaribu tu kueleza kwa nini mimi, niliyekuwa kijana wakati huo, nilikuwa naona picha mbili kwa wakati mmoja.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo lugha inapomfunga mtu au kumwokoa.

Mahakama ya Kibera ndiyo inayopokea kesi nyingi za upande ule wa jiji: za Kibera yenyewe, za Kawangware, za Kilimani. Mtu wa Gatina akikamatwa katika msako usiku, hapo ndipo huenda akajikuta asubuhi. Na ukitazama lugha zinazokutana katika mitaa hiyo utachoka kuhesabu. Kibera ilianza kama makazi ya Wanubi, na jina lake lenyewe latokana na neno la Kinubi la msitu. Leo kuna Kijaluo, Kiluhya, Kikamba, Kikisii, Kikuyu, Kinubi, na juu ya hizo zote Kiswahili cha mtaani na Sheng. Watu hawa wanaletwa mbele ya mfumo ambao sheria yake imeandikwa kwa Kiingereza.

Kifungu cha 198 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai kinasema lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Katiba ya 2010, kifungu cha 50, inampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo ikiwa haielewi lugha inayotumiwa. Kwenye karatasi tumefanya vizuri. Lakini kumbukumbu za kesi kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza. Mtu anasema kwa Kiswahili cha Kawangware, mkalimani anasikia, hakimu anaandika kwa Kiingereza, na jaji wa rufaa, kama kesi itafika huko, anasoma Kiingereza. Maneno yale ya asubuhi ya kwanza yamekwishasafiri mbali.

Ndiyo maana uamuzi wa Adan dhidi ya Jamhuri wa mwaka 1973, uliotolewa na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, bado unatajwa karibu kila wiki na majaji wetu. Unaeleza namna ya kupokea jibu la mshtakiwa. Shtaka na viungo vyake vyote muhimu vielezwe kwa lugha yake au lugha anayoielewa. Alichojibu kiandikwe karibu iwezekanavyo na maneno yake mwenyewe. Akikubali, kiongozi wa mashtaka aeleze mambo yalivyotokea, na mshtakiwa apewe nafasi ya kuyapinga, kuyafafanua au kuongeza lake. Na kama katika kufafanua huko atasema jambo linalotia shaka hatia yake, jibu lake ligeuzwe: aandikwe kuwa amekana, na kesi isikizwe.

Hebu tuchukue mfano wa kubuni. Kijana wa Gatina ameshtakiwa kuiba simu. Anaulizwa kama ni kweli. Anajibu, “Ni kweli niliichukua, lakini ni yeye alinipea nikamchajie, nikarudi nikapata ameshahama.” Ukisikiliza kwa sikio la mtaani, hiyo ni sentensi moja. Kwa sikio la mahakama ni mbili, na zinapigana. ‘Ni kweli niliichukua’ ikiandikwa peke yake, huyu amekubali. Ikiandikwa pamoja na ‘lakini’ yake, huyu amekana. Kuchukua si kuiba. Uhuru wa kijana umening’inia kwenye kiunganishi kimoja.

Wanasarufi tumekizoea kiunganishi hiki kama kitu kidogo, cha kuunganisha vishazi na kwenda zetu. Kwa mtu asiye na wakili, ‘lakini’ ndiyo wakili wake.

Sasa rudi kwenye Vioja. ‘Lakini’ inakuja wapi? Inakuja palepale. Shtaka linasomwa, mshtakiwa anajibu, “Ni kweli, Mheshimiwa, lakini...” na hapo ndipo kicheko huanza. Hadithi ndefu ya ng’ombe, ya shemeji, ya mtungi uliovunjika. Kila anachoongeza kinamzamisha. Hakimu anatabasamu kwa subira, kiongozi wa mashtaka anatikisa kichwa. Kwa miongo kadhaa tumefunzwa kwamba maelezo ya mshtakiwa ni burudani, kwamba ‘lakini’ ni mlango wa porojo. Neno ambalo sheria inasema lisikizwe kuliko yote ndilo tulilozoeshwa kulicheka.

Hilo tu ndilo linalonizuia. Kila ninapomsikia mwigizaji akilitamka kwa lafudhi iliyotiwa chumvi, huwa namsikia mtu mwingine nyuma yake ambaye hajalipwa kuigiza.

Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili, mwenye ulimi mkali (Mungu amzidishie), alinipinga darasani. Alisema nimekosa kuiona jadi. Ondiek, kwa maoni yake, ni Sungura. Ni Abunuwasi. Ni mnyonge anayetumia maneno dhidi ya mwenye nguvu, na watazamaji wa Kibera hawamcheki, wanacheka pamoja naye. Hoja hiyo nimeifikiria kwa muda mrefu kuliko alivyodhani. Ina ukweli. Zipo nyakati ambapo hakimu anaachwa mdomo wazi, na mzee anajibu swali kwa swali hadi kiongozi wa mashtaka apoteze njia. Nyakati hizo hata mimi hucheka.

Lakini Abunuwasi hushinda. Hiyo ndiyo maana yake. Anaingia kwa sultani akiwa na kosa na anatoka na mfuko wa dhahabu, na sultani anabaki akijikuna kichwa. Sungura akikamatwa, anaponyoka. Mshtakiwa wa Vioja anaweza kusema mambo ya ajabu kwa nusu saa, na mwisho, mara nyingi, ni faini au kifungo, na askari anamshika mkono. Ujanja wake umeruhusiwa kwa sababu haubadilishi hukumu. Ni Abunuwasi aliyekatwa kucha.

Kuna mahakama nyingine ya Kiswahili ambayo nadhani ingempa mwandishi wa vichekesho mali nzuri zaidi, nayo ni ya kadhi. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Susan Hirsch, alichapisha mwaka 1998 utafiti wake kuhusu mahakama za makadhi za Mombasa na Malindi, na alionyesha jinsi wanawake wa Kiswahili wanavyosimulia ugomvi wa nyumbani mbele ya kadhi. Kusimulia mambo ya ndani hadharani ni aibu, na wanawake wale walijua. Walisimulia hata hivyo, na wengi walifaulu. Masimulizi marefu, yenye kupinda na kurudi nyuma, yalikuwa na nguvu kwa sababu kadhi aliyasikiliza kwa lugha yaliyosimuliwa nayo. Nao Watanzania walibadilisha sheria yao mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Wana matatizo yao ya istilahi, na nimewasikia wakilalamika, ila mwelekeo uko wazi.

Na hapa lazima niipe Vioja haki yake, tena kubwa. Ile ndiyo mahakama ya Kenya inayoendeshwa kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Hakimu hageuki kuuliza “what is he saying?” Hakuna anayemkatiza mzee ili karani apate nafasi ya kutafsiri. Mtu maskini anasimama na kuzungumza kwa muda anaoutaka, na kila aliye chumbani anamwelewa. Ukimwonyesha mgeni kutoka sayari nyingine kipindi hiki na kisha ukampeleka asubuhi moja kwenye mahakama yoyote ya chini jijini, atakuuliza ni ipi iliyo ya mchezo. Ninadhani ndiyo sababu watu wa Kawangware wanaipenda, na si kwa lafudhi tu. Mle ndani mtu anasikilizwa, japo kwa kuchekwa.

Basi kama wenye kipindi wataniuliza, na hawajaniuliza, sitawaambia waondoe lafudhi. Kenya bila lafudhi ni Kenya ya kitabu cha darasa la tatu. Wampe hakimu yake. Wamlete hakimu mwenye Kiswahili cha Kikuyu au cha Kikamba, mwenye akili, asiyechekwa kwa hilo. Wamlete kiongozi wa mashtaka aliyesahau faili. Na zaidi ya wote wamlete mhusika ambaye mahakama yao haijawahi kumhitaji, kwa sababu kwao kila mtu anaelewana na mwenzake: mkalimani. Mpeni suti iliyombana, mpeni haraka ya kwenda kunywa chai. Shtaka lisomwe kwa Kiingereza. Mshtakiwa azungumze kwa dakika tano nzima, na ng’ombe wake wote, na shemeji wake wote, na ‘lakini’ zake zote, mikono ikienda huku na huku. Mkalimani amsikilize hadi mwisho, kisha amgeukie hakimu na kusema neno moja:

“Anakubali.”